Namna ya Kuzifikia Fursa za Chuo Kabla Dirisha Halijafungwa

Kwa niliyoyaona, mwanafunzi mwenye matokeo mazuri anapokosa ufadhili au nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kinachomponza mara nyingi ni tarehe, si alama. Nikiwa mwaka wa tatu nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa idara yetu, nikasoma tangazo la ufadhili ambalo masharti yake yote nilikuwa nayo, kisha nikatazama chini na kukuta zimebaki siku nne. Zilihitajika barua mbili za mapendekezo na hati ya matokeo yenye mhuri. Mwalimu mmoja alikuwa safarini, na ofisi inayotoa hati ilitaka siku tano za kazi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tangazo lile lilikuwa limebandikwa pale kwa wiki sita, nami nilikuwa nikilipita kila asubuhi nikienda darasani.

Kwa hiyo anza na daftari. Tenga daftari moja dogo, au ukurasa mmoja kwenye simu, liwe la fursa peke yake, na kwa kila fursa andika tarehe tatu: siku maombi yanapofungwa, siku ambayo nyaraka zote zinapaswa kuwa mkononi mwako, na siku ya kuanza kuzitafuta. Tarehe ya pili iwe walau wiki moja kabla ya ile ya kwanza, kwa sababu siku ya mwisho mifumo ya maombi huelemewa na watu, na intaneti inaweza kukatika wakati unapakia hati ya mwisho. Tarehe ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, kwani hapo unahesabu kurudi nyuma: barua za mapendekezo wiki nne, hati ya matokeo wiki mbili, pasipoti miezi kadhaa ikiwa huna, mtihani wa lugha miezi miwili au mitatu pamoja na maandalizi.

Fursa nyingi kubwa hurudi kila mwaka katika majira yaleyale, hivyo dirisha lililofungwa jana usilifute. Liandike kwa mwaka ujao. Programu za uzamili za Erasmus Mundus, ambazo mwanafunzi husoma katika nchi zaidi ya moja, kwa kawaida hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza vuli ya Ulaya inayofuata, na zinamruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba kabla hajahitimu. Wengi hawalijui hilo, nao husubiri mpaka washike cheti ndipo waanze kutafuta, wakati mwaka mzima umeshapita. Upande mwingine, ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1983, unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na mnufaika hulazimika kurudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Mwanafunzi ambaye bado yuko darasani hana sababu ya kukesha akiandika insha za ufadhili huo. Auandike tu kwenye daftari kwa miaka ijayo. Soma masharti ya kustahili kwanza, kabla ya kusoma unapewa nini. Dakika kumi za kusoma masharti zitakuokolea wiki nzima.

Kuhusu mahali pa kutafuta sitasema mengi. Pita ofisi ya mlezi wa wanafunzi, ofisi ya uhusiano wa kimataifa na ubao wa idara yako mara moja kwa wiki, siku ileile kila wiki. Jiunge na chama kimoja cha taaluma yako. Na ukipata tangazo kwenye kundi la WhatsApp, nenda kwenye tovuti rasmi ya mtoaji ukalithibitishe. Vyuo vingine hutoza ada halali ya maombi, lakini hiyo hulipwa kupitia mfumo wa chuo wenyewe. Mtu anayetaka utume pesa kwenye namba yake binafsi ili "akufungulie faili", au anayekuambia umepata ufadhili ambao hukuuomba, ni tapeli. Usimpe nakala ya pasipoti wala ya kitambulisho.

Matukio ya chuoni ni jambo lingine, na hapa shida ni wingi. Katika wiki moja unaweza kuwa na kongamano, mhadhara wa hadhara, maonesho ya ajira, mdahalo na warsha mbili, na ukienda kila mahali utaambulia vyeti vya ushiriki visivyokusaidia popote. Mimi hupima tukio kwa swali moja: je, nitafanya kitu kwa mikono yangu, au nitaketi tu na kusikiliza? Yale unayofanya kitu yana uzito zaidi, na mashindano yanaongoza. Katika shindano la kimataifa la uandishi wa programu la ICPC, timu huwa ya wanafunzi watatu wanaotumia kompyuta moja kwa saa tano. Fikiria maana yake: mmoja akiandika, wawili wanasoma maswali na kupanga njia kwenye karatasi, na mtu asiyejua kumwachia mwenzake kibodi huiangusha timu nzima. Aliyepitia mazoezi hayo kwa mwaka mmoja ana mfano wa kweli wa kueleza anapoulizwa kwenye usaili jinsi anavyofanya kazi na wenzake, hata kama timu yake haikuvuka hatua ya kwanza. Wanaosoma sheria wana shindano la Jessup la mahakama ya mfano, linaloendeshwa tangu mwaka 1960, ambapo timu huandaa hoja za pande zote mbili za kesi ya sheria ya kimataifa. Wenye wazo la biashara ya kutatua tatizo la jamii wana Hult Prize, ambayo huanzia vyuoni na mshindi wa mwisho hupata dola milioni moja za Marekani. Kama taaluma yako haina shindano, gazeti la wanafunzi na klabu ya midahalo hufanya kazi hiyohiyo.

Maonesho ya ajira yanahitaji maandalizi ya jioni moja. Chagua waajiri watatu tu, soma kila mmoja anafanya nini na anachukua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo miezi gani, kisha fika mapema, kabla wawakilishi hawajachoka kusema maneno yaleyale. Usianze kwa kuuliza kama wana nafasi, maana jibu litakuwa utazame tovuti. Uliza jambo ambalo mtu aliye ndani pekee ndiye anayelijua: mwanafunzi aliyekuja mwaka jana alipewa kazi gani katika mwezi wake wa kwanza, na alikuwa na upungufu gani alipofika. Jibu la swali la pili ndilo utakalolifanyia kazi muhula mzima. Ukitoka hapo simama pembeni, andika jina la uliyezungumza naye na neno moja alilokuambia, halafu ndani ya siku mbili mtumie barua pepe fupi inayotaja neno hilo. Wanaopita mezani ni wengi sana, na wanaoandika baadaye ni wachache mno.

Barua ya mapendekezo ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi, nami naomba uisome kwa makini. Mwalimu anayefundisha darasa la watu mia mbili hawezi kukukumbuka kwa sababu ulipata alama ya juu; atakukumbuka kwa sababu ulikwenda ofisini kwake kuuliza swali, au ulifanya mradi chini yake. Kwa hiyo uhusiano huo uanze mwaka wa kwanza au wa pili. Unapofika wakati wa kuomba, mrahisishie kazi, kwa mfano hivi:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa somo la takwimu mwaka jana, niliyefanya mradi wa matumizi ya maji katika mabweni. Naomba ufadhili wa shahada ya uzamili, na maombi yanafungwa tarehe 15 Januari. Je, utakuwa na nafasi ya kuniandikia barua ya mapendekezo? Nimeambatanisha wasifu wangu, tangazo lenyewe na ukurasa mmoja unaoeleza mradi ule na matokeo yake. Ratiba yako isiporuhusu nitaelewa, ila naomba unijulishe ili nitafute mwalimu mwingine mapema."

Tazama kilichomo: amekumbushwa wewe ni nani, amepewa tarehe, amepewa cha kuandika, na ameachiwa nafasi ya kukataa bila kuona haya. Mwalimu anayekubali kwa shingo upande huandika barua baridi, na wasomaji wa barua hizo huuona ubaridi huo mara moja. Mkumbushe kwa upole siku kumi kabla ya tarehe, na matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, rudi umwambie.

Katika insha yako mwenyewe, kila sifa unayojipa iwe na tukio nyuma yake. "Nina moyo wa uongozi" ni sentensi ambayo kila mwombaji ameiandika. "Nilikuwa mweka hazina wa chama, nikakuta hesabu za miezi mitano hazina stakabadhi, na ilinichukua muhula mmoja kuzipanga" ni sentensi ambayo wewe peke yako unaweza kuiandika. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi waandae angalau tukio moja kabla hawajahitimu. Kuomba ukumbi na kunyimwa, kumwalika mgeni akaghairi siku mbili kabla, kugawa bajeti ndogo kati ya vipaza sauti na maji ya kunywa, hayo yote huwezi kuyapata ukiwa umeketi safu ya nyuma.

Ukishatuma maombi, hifadhi nakala ya kila ulichopakia, pamoja na ujumbe wa uthibitisho na namba ya maombi, kwenye folda yenye jina la fursa na mwaka. Ukikataliwa, uliza kama wanatoa maoni kwa waombaji, baadhi hutoa. Kisha fungua daftari, andika tarehe dirisha litakapofunguliwa tena, na chini yake andika kile kilichopungua safari hii, iwe ni alama za mtihani wa lugha, barua iliyochelewa au insha uliyoiandika usiku wa mwisho.