Kusafisha kifua cha mutoto mwenye iko ku mashine ya kupumua

Ndugu zangu wenye mnafanya kazi mu reanimasiyo (chumba cha wagonjwa mahututi) ya watoto, hapa kwetu Bukavu ao Goma ao Lubumbashi, tuongee kidogo juu ya hii kazi ya kifua. Wengi wetu tunaifanya asubuhi, midi na magaribi sawa tunagawa dawa, mutoto akuwe na makohozi ao asikuwe nayo. Mimi naona hiyo haifai. Kama hakuna kitu mu kifua unamuchokesha bure, saturasiyo (oksijeni yenye iko mu damu) inashuka, na hapa Kivu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari kwa hiyo inashukaga mbio.

Makohozi inajikusanya juu tibu (mupira wenye unapeleka hewa ya mashine mu pafu) iko mu koo, mutoto hawezi kukohoa vizuri, dawa ya kulalisha imemumaliza nguvu na hewa ya mashine ni kavu. Tena njia ya hewa ya mutoto ni nyembamba: upana ukipungua nusu, ugumu wa hewa kupita unapanda karibu mara 16. Na kwa mutoto mudogo zile tundu zenye zinapitishaga hewa kati ya vifuko vya pafu hazijakomaa, basi fundo moja tu ya makohozi inaweza kufunga kipande kizima, mara mingi kile cha juu upande wa kuume.

Kwa hiyo unaanza na kuchunguza. Weka kiganja ku kifua, pole, halafu ungoja: kama kuko makohozi mu njia kubwa utasikia inatetemeka chini ya mukono kila mara mashine inasukuma. Sikiliza na stetoskopu pande zote mbili. Kiisha tazama mashine, ule mustari wa hewa ukianza kuwa na meno sawa musumeno, makohozi iko, ao maji imejaa mu mipira ya mashine (mwaga hiyo maji kwanza kabla hujasumbua mutoto!). Presiyo ya mashine inapanda ao volume (wingi wa hewa yenye inaingia) inashuka, ni alama ingine. Radio (picha) ya kifua kama iko, iangalie na docta.

Kuko watoto wenye hatupigi kifua na kiganja ili makohozi iachie: mwenye plakete (zenye zinasimamisha damu) ziko chini sana, mwenye anatoka damu mu mapafu, mwenye mbavu imevunjika, mwenye hewa iko inje ya pafu na haijatolewa na drene (mupira wa kutoa hewa mu kifua), mwenye presiyo ya kichwa iko juu, mwenye moyo haujatulia. Prematire pia, mifupa yao ni laini. Na mutoto kichwa chini miguu juu, HAPANA, maziwa itapanda na damu itajaa kichwani. Kama amekula, ngoja saa 1 ao 2, ao vuta yenye iko mu tumbo na sondi (mupira mwembamba) kwanza.

Muwe wawili. Mumoja kazi yake ni kushika tibu kwenye mudomo na kutazama monita, basi. Kabla ya yote soma namba ya sentimita yenye iko ku mudomo, iandike, juu kiisha kugeuza utaisoma tena. Kwa kawaida ni ukubwa wa tibu mara 3, tibu ya 4 inakuwa ku 12.

Kumulaza vizuri ndiyo kazi yenyewe, kuliko kupiga. Upande mugonjwa unakuwa juu ili makohozi ishuke. Lakini angalisho: kwa mutu mukubwa pafu zuri likiwa chini oksijeni inapanda, kwa mutoto mudogo mara mingi ni kinyume, kwa hiyo ukimulaza hivyo saturasiyo inaweza kushuka, usimuache hapo ukaenda kunywa chai. Dakika chache, ukiona haivumilii murudishe. Wakati mwingine wote kichwa cha kitanda kikuwe juu digri 30, na mugeuze kila saa 2 mupaka 4.

Kutetemesha: mikono bapa ku mbavu, kwa kichanga vidole tu, ungoja hewa ianze kutoka ndipo unatetemesha pole ukifuata mbavu zenye zinashuka. Hewa ikiingia, acha. Mutu mwenye anatetemesha wakati mashine inasukuma anapigana na mashine. Kupiga na kiganja chenye umekunja sawa kikombe, kama kinezi (mufundi wa mazoezi ya mwili na kifua) ameona inafaa, inafanywa juu ya kitambaa, hapana juu ya ngozi, hapana ku uti wa mugongo, tumbo ao figo. Kumupa hewa kubwa na ambu (mufuko wa kusukuma hewa na mukono), fanya kama iko na manometre (chombo cha kupima presiyo), bila hiyo uache, mapafu ya mutoto inapasuka mbio kuliko vile unafikiri.

Sasa kuvuta makohozi. Namba ya sondi ni ukubwa wa tibu mara 2: tibu ya 4, sondi ya 8, tibu ya 5, sondi ya 10. Ongeza oksijeni kwanza. Glavu safi. Pima urefu wa sondi ku tibu ingine ya namba ileile, isizidi tibu zaidi ya sentimita 1. Ingiza bila kuvuta, halafu vuta ukitoa, isipite sekunde 10, presiyo mmHg 80 mupaka 100 kwa wadogo, 120 kwa wakubwa. Kutia serumu (maji ya chumvi) mu tibu, hapana kila mara.

Moyo ukienda pole ao rangi ikabadilika, acha yote, oksijeni, ngoja. Asiporudi, toa mashine, shika ambu, na uulize mambo ine: tibu imetoka fasi yake? imefunga? hewa imetoka inje ya pafu? ao mashine ndiyo imeharibika? Ita docta wakati unauliza, usingoje jibu.

Mama yake akiwa karibu umwambie mbele: "Mama, tunamutoa makohozi, atakunja uso, wewe mushike mukono." Na koko akileta mafuta ya mentoli ya kupaka kifua umueleze kwa heshima, "Koko, hii inafanya plasta ya tibu iachie." Nimeona wanaelewa mbio ukisema hivyo.

Mwisho andika: saa, rangi ya makohozi, wingi, kama iko na damu, saturasiyo mbele na nyuma. Na juu kuranti inakatika wakati yoyote, aspirateri (mashine ya kuvuta makohozi) ya mguu ikuwe pembeni ya kitanda. Kama haiko, sirinji ya ml 50 na sondi inavuta pia, na ambu iwe ku kichwa cha mutoto, hapana mu kabati yenye ufunguo wake mutu wa zamu ya jana alienda nayo.