Vitamu vya Krismasi kwa Watoto Wadogo, Kutoka Sokoni Kibuye hadi Jikoni

Desemba huku Kisumu ni mwezi wa neema kwa mzazi anayetaka kumwandalia mtoto vitu vitamu bila kutegemea pakiti za dukani. Maembe yamefurika sokoni, tikiti maji na mananasi yamerundikwa kando ya barabara, ndizi mbivu zinashushwa kutoka Kisii, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinaletwa kutoka Kabondo. Maelekezo haya yanamlenga mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, kwa sababu katika umri huo meno yanaendelea kuota, ulimi unazoea ladha utakazozitafuta baadaye, na chakula kinaweza kumkwama mtoto kooni kwa urahisi.

Kuhusu sukari, ni vyema kusema wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe vinywaji vilivyotiwa sukari, na kwa watu wote sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba au vinane, na siku ya Krismasi mtoto huweza kupewa chupa hiyo na shangazi, kisha nyingine na mjomba, bila mmoja kujua alichotoa mwenzake. Zungumza na jamaa mapema, kwa upole, uwaombe walete matunda au waje na kitabu cha picha. Wengi hukubali wanapoelezwa sababu kabla ya siku yenyewe. Ukingoja hadi soda imeshafunguliwa, utamliza mtoto na kumwaibisha mgeni.

Nenda sokoni siku nne au tano kabla ya sikukuu. Kibuye hujaa zaidi siku ya Jumapili, na ukifika asubuhi utapata nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Nunua maembe ambayo bado ni magumu kidogo, uyaweke ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu, nayo yataiva kwa wakati wake. Njugu karanga zinahitaji jicho kali kuliko kitu kingine chochote. Zimwage kwenye ungo, utoe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kwa maana ukungu huo huweza kuwa na sumu ya aflatoksini ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Njugu yenye ladha chungu iteme, wala usiichanganye na nyingine kwa kuihurumia pesa yako.

Krismasi ya Kenya haikamiliki bila chapati, na hapo ndipo ninapopendekeza uanzie, kwa chapati ndogo za viazi vitamu. Chemsha viazi viwili vya wastani pamoja na maganda yake hadi viive kabisa, vimenye vikiwa bado na moto, kisha uviponde hadi visiwe na nyuzi wala mabonge. Kwa kikombe kimoja cha viazi vilivyopondwa tumia vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo sana, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na iliki ya kusaga ukipenda. Usikimbilie kuongeza maji. Viazi vina maji yake, na ukikanda kwa subira utaona unga ambao ulikuwa ukimeguka-meguka ukianza kushikana, ukageuka kuwa na rangi ya manjano iliyokolea, na hatimaye ukaachana na vidole. Ikiwa bado ni mkavu, ongeza maji ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja. Ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, uuache upumzike kwa nusu saa.

Baada ya hapo mwite mtoto. Mpe donge lake na sehemu yake ya meza, umruhusu alisukume anavyojua, kisha akate viduara kwa mdomo wa bilauri. Wewe ukate nyota kwa kisu. Kaanga juu ya moto wa wastani kwa kupaka mafuta kidogo tu kwenye kikaango, na mtoto awe mbali na jiko, iwe la makaa au la gesi, wakati wote wa kukaanga. Mafuta hayo kidogo yana faida yake, kwani mwili hufyonza vizuri zaidi vitamini A inayotokana na viazi hivyo inapokuwa pamoja na mafuta. Chapati hizi huwa laini, na mtoto wa mwaka mmoja huweza kupewa vipande vyembamba avishike mwenyewe. Hata hivyo, hazidumu kama chapati za kawaida, kwa hivyo zipikwe siku ileile zitakapoliwa, au unga uliokandwa uwekwe kwenye friji usiku mmoja tu.

Kitu cha pili ni vibapa vya njugu na tende, kwa mtoto aliyekwisha kula njugu hapo awali na isimdhuru. Kama hajawahi kuionja, mwonjeshe kidogo sana, ikiwa imesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, siku ya kawaida kabla ya sikukuu, ili uweze kumtazama kwa makini. Akivimba midomo, akitokwa na vipele au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Kaanga njugu bila mafuta, pepeta maganda, kisha uzitwange kwenye kinu hadi ziwe unga laini usio na chembe. Loweka tende katika maji moto kwa robo saa, toa kokwa zote ukizihesabu, uziponde, kisha uchanganye na unga wa njugu pamoja na simsim iliyokaangwa na kusagwa. Watu wengi huviringisha mchanganyiko huu kuwa mipira midogo. Kwa mtoto mdogo nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu kitu cha mviringo na kinachonata ndicho kinachoziba koo. Kibonyeze kiwe bapa na chembamba, umpe nusu kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, njugu nzima asipewe mtoto asiyetimiza miaka mitano, bisi zingoje pia, na zabibu zikatwe kwa urefu kuwa vipande vinne. Asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ile safi ya Baringo, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli.

Maembe hayahitaji kazi kubwa. Ponda embe lililoiva, lichanganye na maziwa lala yasiyo na sukari, mimina kwenye vikombe vidogo na ugandishe. Asiye na friji ale mchanganyiko huo hapohapo kwa kijiko. Kinywaji cha siku kiwe maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye vipande vya chungwa kwa ajili ya harufu.

Mapambo yafanywe siku ambazo hakuna upishi. Shule zimefungwa na madaftari yaliyojaa yapo nyumbani, basi kata karatasi zake kuwa vipande vya upana wa vidole viwili, mtoto avitie rangi, kisha aviunganishe kuwa mnyororo kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji. Maji ya bizari ya manjano hutoa rangi nzuri ya dhahabu na maji ya bitiruti hutoa wekundu, na vyote viwili havina madhara kidole kikiingia mdomoni. Maganda ya mahindi yaliyolowekwa hukunjika vizuri kuwa nyota. Baluni ninaziepuka kabisa nyumba ikiwa na mtoto mdogo: kipande cha baluni iliyopasuka hunata kooni na ni vigumu kukitoa.

Badala ya kuangusha mti mzima wa saipresi, omba tawi moja kwa mwenye shamba, ulisimamishe katika ndoo ya mchanga uliolowa maji, na uumwagilie mchanga huo kila siku. Usiweke mshumaa karibu nalo, maana joto la Desemba hulikausha upesi na majani yake hushika moto kwa urahisi. Baada ya sikukuu, majani yakianza kudondoka sakafuni, litoe nje siku hiyohiyo, na minyororo ya karatasi ikunjwe ndani ya boksi kavu mbali na panya, kwa kuwa gundi ya unga huwavuta.