Somo: Likizo ya mwezi wa sita na watoto nyumbani, kwa sisi wa mikoa ya baridi

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Julai ikiwa imeshaanza. Huku kwetu Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, huo ndio wakati baridi imekaza na mahindi yanaingia ndani. Wazazi wengi tuna njia mbili: twisheni, au mtoto aende kwa bibi. Kwa bibi sina ugomvi. Na twisheni ya likizo ninao ugomvi, maana mtoto aliyechoka na ubao anapelekwa kwenye ubao mwingine, tena kwa kulipia.

Somo hili ni la mzazi anayetaka kuwafundisha mwenyewe wiki hizo chache kwa kazi zilizopo uani. Si lazima uwe mwalimu. Tafuta daftari, kamba, rula, chupa ya kioo, na uvumilivu wa kujibiwa "sijui".

Hatua ya 1: Anza jua likishapanda

Usimwamshe mtoto saa kumi na mbili eti ndiyo nidhamu. Juni hii hata mkubwa anashikilia blanketi. Uji kwanza, sweta, soksi, halafu saa tatu mnatoka nje kwenye jua. Kazi moja kwa siku inatosha. Mchana wacheze.

Na hili nalisema hapa mapema: jiko la mkaa halilali chumbani na watoto, hata kama linaonekana limekufa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko isiamke.

Hatua ya 2: Daftari moja kwa nyumba nzima

Nunua kaunta buku moja. Kila siku mtoto mmoja ni karani: anaandika tarehe, kazi iliyofanyika, kipimo chochote kilichopatikana, na sentensi tatu za maelezo yake. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu. Akiandika "tumepukucua", msomeshe kwa sauti, atalisikia kosa mwenyewe.

Hatua ya 3: Mahindi

Hapa ndipo penye utajiri, msipite haraka.

Kabla ya kupukuchua, kila mtoto achukue hindi moja ahesabu mistari ya punje kuzunguka gunzi. Mmoja atapata 12, mwingine 14, mwingine 16. Waambie watafute hindi lenye mistari 13. Watapekua rundo zima. Hawatalipata, au wakilipata ni kwa sababu wamehesabu vibaya au hindi lilidumaa sehemu, kwa kuwa mistari ya mahindi huota ikiwa pacha na hivyo jumla yake huwa namba shufwa. Mtoto aliyewahi kukaririshwa shufwa na witiri darasani, leo anazishika mkononi. Wa darasa la nne na kuendelea ahesabu punje za mstari mmoja, azidishe kwa idadi ya mistari, halafu apukuchue hindi lilelile na kuhesabu punje zote aone amekosea kwa kiasi gani.

Baada ya hapo, chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo au theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vikubwa vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo bado ni ya kuanikwa kwenye turubai. Chumvi ikirudi chini yote, yamekaribia kufaa kuhifadhiwa. Waelezeni kwa nini tunahangaika: mahindi mabichi yakifungiwa yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Wape watoto jukumu la kupima kila turubai na kuandika majibu. Nyumbani kwangu hakuna gunia linaloshonwa kabla karani wa siku hajatoa neno, na hawa makarani ni wakali kuliko mimi.

Mwisho vipimo. Sado (kopo la kupimia la sokoni) ngapi zinajaza debe? Debe ngapi zinajaza gunia? Wapime wenyewe, wasiambiwe. Kisha mkienda Mwanjelwa, au soko lenu lolote, waulize bei ya sado na bei ya debe wakapige hesabu ipi inamfaa mnunuzi. Wakubwa muwaeleze lumbesa: kwa nini gunia linavimba juu kama lina kilemba, nani anapoteza, na kwa nini sheria ya vipimo imelipiga marufuku. Ni hesabu na uraia kwa mpigo.

Hatua ya 4: Sufuria ya maharage

Kila mama wa Mbeya anajua maharage huku yanakula mkaa. Wachache wamewahi kuwaambia watoto sababu. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kama Dar es Salaam. Yanatokota kweli, lakini joto lake ni dogo, na maharage yanachelewa. Kyela, ambako ni chini karibu na ziwa, yanachemka kwenye nyuzi 98.

Jaribio: gawa kilo moja ya maharage ya aina moja. Nusu yalale kwenye maji usiku kucha, nusu yasiloweke. Asubuhi yapikwe kwa sufuria mbili zinazofanana, karani anaandika saa ya kuchemka na saa ya kuiva. Jaribio linaishia mezani, na hakuna anayelikataa.

Waoneshe pia jambo ambalo hata watu wazima tunalipuuza. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyaongezei joto, kunamaliza mkaa tu na kukausha mchuzi. Punguza moto, funika. Mwenye sufuria ya presha aeleze kwa nini inawahi: mvuke uliofungiwa unayakandamiza maji, hayachemki mpaka yapite nyuzi 100.

Angalizo: kipimajoto cha homa kisitumbukizwe kwenye sufuria. Kinaishia nyuzi 42, kitapasuka au kuharibika.

Hatua ya 5: Kijiti na kivuli

Hii ifanyeni tarehe 21 Juni au siku za jirani, kukiwa na jua. Simika kijiti kilichonyooka, kibaki mita moja kamili juu ya ardhi. Kamba yenye jiwe ikuhakikishie kwamba hakikuinama. Kuanzia saa sita na robo mchana, kila baada ya dakika 10 mtoto achomeke kijiti kidogo, au aweke kokoto, pale ncha ya kivuli inapofika. Endeleeni mpaka saa saba na robo.

Mtaona mambo matatu. Kwanza, kivuli hakipotei. Wakati huo jua limehamia kaskazini, kwa hiyo hata adhuhuri halifiki utosini, na kijiti cha mita moja Mbeya mjini kinaacha kivuli cha sentimita 63 hivi. Iringa kitapungua kidogo, kama 61. Pili, kivuli kifupi kuliko vyote kinaelekea kusini kamili. Chora mstari huo, nyumba yenu imepata dira. Tatu, na hili ndilo linalowasumbua watoto, kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili. Mbeya hutokea karibu saa 6 na dakika 48. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake kwa digrii 11 na nusu. Dunia inachukua dakika 4 kuzunguka digrii moja. Mtoto wa darasa la sita akizidisha mwenyewe atapata dakika 46, zile mbili zinazobaki zinatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua.

Jua kuwa utosini kabisa Mbeya ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Wekeni alama kwenye kalenda, mrudie.

Hatua ya 6: Kusoma

Nusu saa jioni, mkubwa anamsomea mdogo. Mbeya na Iringa zina maktaba za mkoa. Basi.

Hatua ya 7: Safari moja yenye maana

Moja inatosha. Sisi wa Mbeya ninayoipendekeza ni Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, mkoa wa Songwe, unachepuka kutoka barabara ya Tunduma. Kina urefu wa karibu mita 3 na hukadiriwa tani 16. Wapeni watoto hesabu mkiwa njiani: magunia mangapi ya kilo 100? Kabla ya kwenda, chomoeni sumaku kwenye spika mbovu ya redio. Mkiomba ruhusa kwa mhifadhi na kuisogeza, mtoto atausikia mkono wake ukivutwa, kwa kuwa jiwe hilo ni chuma kwa karibu asilimia 90, linalobaki likiwa nikeli hasa. Tafuteni sehemu iliyokatwa kwa msumeno. Kipande kilichukuliwa kwa uchunguzi mwaka 1930, na kukikata hakukuwa kazi rahisi.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la wazazi

*Mama wa wawili, Makambako:* Dada, wa kwangu ana miaka mitano. Hayo ya kuandika bado. Nimpe nini?

*Jibu:* Mama, mpe ungo wenye maharage mchanganyiko. Atenge kwa rangi, kisha ahesabu mafungu ya kumi kumi. Karani asiwe, awe mtikisa chupa ya chumvi. Kazi hiyo wataigombania.

*Baba, Tukuyu:* Mnazungumzia jua la Juni kama vile sote tunalo. Huku kwetu manyunyu na ukungu siku nzima. Kijiti nitakipima na nini?

*Jibu:* Pole kaka, na hongera, maana wewe una somo ambalo sisi hatuna. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kata chupa ya maji yenye pande zilizonyooka, geuza sehemu ya juu iwe kama faneli, tia kokoto na maji kidogo chini mpaka usawa uwe bapa, hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Kila asubuhi saa tatu asome na kuandika, kisha apunguze maji yarudi kwenye sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Akishajua hilo, apime bati la jikoni na kukokotoa ndoo ngapi zilimwagika bure.

*Mwenyeji wa Iringa:* Kamwene. Mbozi ni mbali kwetu. Sisi tuende wapi?

*Jibu:* Kamwene. Nyie mna Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Kuna zana za mawe za watu wa kale zilizolala kwenye korongo, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji. Waulize watoto: hili jiwe lilichongwa, au limevunjika tu? Watazame upande wenye makali. Halafu kuna Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkwawa alijiua Julai 1898, fuvu likarudishwa tarehe 19 Juni 1954, yaani tarehe hiyo inaangukia likizoni. Wakokotoe lilikaa ugenini miaka mingapi.

*Baba wa wanne, Mbalizi:* Samahani lakini hii naiona ni kuwatumikisha watoto. Mahindi ni kazi ya watu wazima.

*Jibu:* Hoja yako ni ya haki, kaka. Mtoto habebi gunia, hashiki dawa ya kuhifadhia, na hafiki kwenye mashine ya kukoboa. Mahindi ya kuuza mpukuchue nyie wakubwa. Wao wana hindi lao, chupa yao na daftari. Akichoka, ameacha. Ukiona umeanza kuhesabu kazi aliyookoa badala ya alichojifunza, hapo umeshavuka mpaka.

*Dada, Vwawa:* Nimevutiwa mpaka nawaza kuwatoa shule kabisa niwafundishe mwenyewe mwaka mzima. Inawezekana?

*Jibu:* Dada yangu, taratibu. Sheria ya elimu inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahudhurie, na kutofanya hivyo ni kosa. Isitoshe, upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba hufanywa kupitia shule iliyosajiliwa. Kama kuna sababu nzito, ugonjwa au ulemavu, nenda kwa afisa elimu kata au ofisi ya elimu ya wilaya kabla ya kufanya lolote. Likizo, jioni na Jumamosi ni zako, hakuna atakayekuuliza.

*Mama, Uyole:* Wangu anataka simu tu. Maharage hataki, kivuli hataki.

*Jibu:* Mpe simu, iwe ya kazi. Apige picha ya kivuli kila dakika 10, saa ya picha inabaki humohumo.

*Mama wa wawili, Makambako:* Nimerudi. Tumefanya ile ya chupa, chumvi imeganda yote, lakini mahindi yangu nayang'ata yanalia kabisa. Ndaga (asante) kwa somo, ila hapa sielewi.

*Jibu:* Mama, kagua chumvi kwanza. Chumvi ya pakiti iliyokaa wazi jikoni inakuwa na unyevu wake. Ikaange kwenye kikaango kikavu, ipoe kabisa, na chupa uianike juani mdomo ukiwa wazi, kisha urudie kwa mahindi yaleyale. Ikiganda tena, usiyaamini meno, yarudishe kwenye turubai na uyapime upya baada ya siku mbili za jua.