Somo: Samaki gani na wangapi kwenye tangi la nyumbani, kwa maji yetu haya ya Dodoma

Wadau habari zenu. Maswali ya samaki gani wakae pamoja yamekuwa mengi, leo naeleza ninavyofanya mimi, na naanza na maji maana hapa kwetu maji ndo yanaamua.

Hatua ya 1: chungulia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ni chokaa, maji ya visima vya Makutupora ni magumu, yaani yana madini mengi. Wanaoyapenda wapo: gapi, moli, plati, na samaki wetu wenyewe wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao wenzetu wa nchi zenye maji laini inabidi wawatengenezee maji kwa madini ya kununua, sisi tunafungua bomba tu. Neon na discus asili yao ni maji laini ya Amazon, waache.

Hatua ya 2: pima tangi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000. La 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, toa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, unabaki na kama 45.

Hatua ya 3, na hapa nisikilizeni vizuri: hesabu urefu atakaofikia samaki akikua, sio ule uliomkuta nao dukani. Kwa samaki wadogo mimi naweka sentimita 1 kwa lita 2, yaani lita 45 ni kama gapi madume 6 au 7 basi. Mwanzoni nilinunua goldfish wanne wa ukubwa wa kidole gumba, nikaambiwa hawa hawakui wanafuata ukubwa wa tangi, nikawaweka kwenye hizo lita 54. Wiki ya tatu asubuhi nawakuta wote juu, midomo wazi wanahema, matamvua mekundu kama yameungua, mpaka mchana wawili wamekufa, aisee iliniuma sana. Goldfish anapita sm 20 na anachafua maji balaa. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na maji yakiwa na alkali kama haya yetu sumu yake inakuwa kali zaidi, kwa hiyo kujaza samaki huku kwetu ni hatari kuliko kwenye maji laini.

Hatua ya 4: tabia. Faita (samaki wapiganaji) madume wawili tangi moja hapana. Mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, ni wakorofi, wanataka lita 200 na wawe peke yao. Kama una lita 54 mimi nakushauri multi wa Tanganyika, hawazidi sm 5, wanaishi kwenye makombe ya konokono. Weka 6, mchanga laini na makombe mengi kuliko samaki. Ninao sasa hivi, wanabeba mchanga mdomoni wanahamisha siku nzima, ukisogea ghafla wote wanazama kwenye makombe halafu wanachungulia mmoja mmoja.

Hatua ya 5: filta itembee wiki 4 mpaka 6 bila samaki, na vipunje vya chakula ndani ili bakteria wanaokula amonia wazaliane, ndo uanze kuingiza samaki wawili wawili. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi masaa 24 klorini itoke.

MASWALI

Mkuu, vifaranga vya sato naweza kuchanganya na gapi?
Hapana kaka. Sato anapita sm 30, gapi atageuka chakula.

Nilianza na gapi 6 sasa wapo zaidi ya 30, nikitoa madume si wataacha kuzaa?
Sio mara moja dada, jike anatunza mbegu za dume miezi kadhaa na anazaa kila wiki 4 hivi. Tenganisha, wanaozidi gawia majirani, ila usiwamwage bwawani Hombolo wala mtoni, sio samaki wa huku.

Umeme ukikatika usiku je?
Usiwalishe. Chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu, rudia kila nusu saa. Mwezi wa saba baridi ikipiga zungushia blanketi ubavuni, juu acha wazi wapate hewa.