SOMO: Kuandika na kujumlisha kadi ya gofu bila kuondolewa kwenye shindano

Kila Jumamosi ujumbe ni ule ule: "Nimepiga 91, handikapu 18, nina pointi ngapi?" Swali hilo halijibiki. Handikapu ni mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako, lakini pointi hazitoki kwenye jumla, zinatoka kwenye kila shimo. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano ni Stableford, mchezo wa kuhesabu pointi za kila shimo, kwa sababu ndiyo tunayocheza zaidi kwenye mashindano ya klabu. Mchezo wa mikwaju ya kawaida, ambao jumla ya mikwaju ndiyo matokeo, nitaugusa unapotofautiana.

1. Chukua kadi, hakikisha ni ya jina lako na tarehe ni ya leo. Beba penseli mbili.

2. Pata handikapu ya kuchezea. Ile namba yenye desimali kwenye simu yako siyo ya kuchezea. Zidisha kwa slopu (namba ya ugumu) ya tii unazopigia, yaani sehemu za kuanzia shimo, gawanya kwa 113, kisha ongeza retingi ya uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji bora) kutoa pa (mikwaju iliyopangiwa uwanja au shimo). Hiyo ni handikapu ya uwanja. Kwa Stableford ya mtu mmoja mmoja unachukua asilimia 95 yake.

Mfano: una 18.4, slopu 125, retingi 71.2, pa 72. Kwanza 18.4 × 125 ÷ 113 = 20.35. Kisha 71.2 − 72 ni −0.8, kwa hiyo toa 0.8, inabaki 19.55. Asilimia 95 yake ni 18.58, unazungusha kuwa 19. Ukibadilisha tii, hesabu inaanza upya, maana slopu na retingi zinabadilika.

3. Weka nukta, yaani alama ya mkwaju unaopunguziwa kwenye shimo, kabla ya kupiga mpira wa kwanza. Tazama safu ya indeksi za mashimo, yaani mpangilio wa kugawa nukta, 1 hadi 18. Mwenye 19 anapata nukta moja kila shimo, na ya pili kwenye shimo lenye indeksi 1. Mwenye 12 anapata nukta kwenye indeksi 1 hadi 12 basi. Mwenye 27 anapata moja kila shimo na ya pili kwenye indeksi 1 hadi 9. Nukta ziwe ndogo, kwenye kona ya kisanduku, zisije zikasomwa kama namba.

4. Badilishaneni kadi na maka wako, yaani mwenzako atakayekuandikia. Mshirika wako kwenye mchezo wa jozi hawezi kuwa maka wako.

5. Hesabu mikwaju. Kila ulipokusudia kuupiga mpira na fimbo ikashuka, ni mkwaju, hata kama umepiga hewa. Swingi ya mazoezi si mkwaju. Adhabu nazo zinaingia kwenye hesabu ya shimo lile lile, na hapa ndipo namba hupotea. Chukua shimo la pa 4. Mpira wa kwanza umetoka nje ya mipaka: 1. Adhabu: 2. Unarudi kupiga kwenye tii: 3. Unapiga kuelekea grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, ukapungukiwa: 4. Unaingia grini: 5. Pati mbili, yaani mipigo ya kwenye grini: 7. Watu wengi hapo husema 6, kwa sababu wanakumbuka waliyopiga na kusahau ile ambayo hawakuipiga.

Mwenye kupotea hesabu aweke vijiti kumi vya tii kwenye mfuko wa kushoto, ahamishe kimoja kwenda kulia kila mkwaju na kila adhabu. Shanga za kusogeza kwenye uzi uliofungwa kwenye begi zinafanya kazi hiyo hiyo.

6. Mtajie maka namba yako mkishatoka grini, aiandike kwenye tii inayofuata. Msisimame grini mkiandika, kuna watu nyuma.

7. Pointi. Toa nukta za shimo kwenye mikwaju yako, upate neti. Neti ikilingana na pa ni pointi 2. Moja juu ya pa ni 1. Mbili juu au zaidi ni 0. Moja chini ni 3, mbili chini ni 4, tatu chini ni 5.

Sasa kujumlisha. Usijumlishe namba tisa moja baada ya nyingine ukiwa na jua kichwani. Kwa mikwaju, chukulia kila shimo ni 5 na uhesabu tofauti tu. Mashimo tisa ya kwanza ya yule mwenye 19: 5, 6, 4, 5, 7, 4, 5, 3, 6. Tofauti: 0, +1, −1, 0, +2, −1, 0, −2, +1. Zinafutana, jibu ni 45. Kwa pointi, chukulia kila shimo ni 2. Kama pa za mashimo hayo ni 4, 4, 3, 4, 5, 4, 4, 3, 5 na indeksi 1 iko kwenye tisa za mwisho, pointi ni 2, 1, 2, 2, 1, 3, 2, 3, 2. Tofauti zinafutana tena: 18.

Kuna kipimo cha kuhakiki: 18, jumlisha nukta za mashimo tisa, toa mikwaju iliyozidi pa. Hapo 18 + 9 − 9 = 18. Kama hukupata 0 popote na namba hizi hazilingani, kuna shimo umekosea. Ukiwa na 0, kipimo kinaweza kuyumba, maana shimo la 0 halishuki zaidi hata ukipiga 11.

8. Kuhakiki na kusaini. Hii niliwahi kuiharibu, kwa hiyo isome mara mbili.

Kwa kanuni, kazi yako si jumla. Kazi yako ni namba ya kila shimo. Kamati ndiyo inayojumlisha, inayotoa handikapu na kuhesabu pointi. Jumla ikiwa na kosa, kamati inairekebisha na maisha yanaendelea. Lakini namba ya shimo ikishasainiwa na kadi ikishakabidhiwa, hairekebishiki. Iliyo juu ya ukweli inabaki hivyo hivyo. Iliyo chini ya ukweli, umeondolewa.

Haya yametokea kwa wakubwa. Mashindano ya Masters ya 1968, raundi ya mwisho, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza shimo la 17 kwa 3. Tommy Aaron aliyekuwa akimwandikia akaandika 4. De Vicenzo akasaini. Raundi ya 65 ikawa 66, na Bob Goalby akatwaa ubingwa kwa mkwaju mmoja. Mwaka 1957 kwenye US Women's Open, Jackie Pung alipiga 6 shimo la 4, kadi ikasema 5. Jumla yake ilikuwa sahihi kabisa. Akaondolewa, na ubingwa ukaenda kwa Betsy Rawls. Na tusidhani ni mambo ya zamani: Februari 2024, Jordan Spieth aliondolewa kwenye Genesis Invitational kwa kusaini 3 kwenye shimo la 4 alilopiga 4.

Kwa hiyo mkimaliza, kaeni kivulini. Maka asome kwa sauti shimo kwa shimo, wewe ufuatilie kwenye kumbukumbu yako mwenyewe. Asisome jumla. Angalia hasa:

– Mlioanza shimo la 10 au mlioanza wote kwa pamoja kwenye mashimo tofauti: shimo mlilocheza kwanza limeandikwa kwenye kisanduku chake, au limewekwa kisanduku cha 1? Namba zikihama visanduku, mashimo mengine yatakuwa chini ya ukweli.
– Maka hakuandika namba zake kwenye safu yako.
– 1 na 7, 4 na 9 zinasomeka.
– Sahihi mbili: yako na ya maka.

Ukifuta namba, huhitaji kuweka herufi za jina pembeni. Andika tu isomeke. Kisha peleka kadi mara moja, kabla ya soda.

---

MASWALI

fimbo_ya_saba: Mkuu mimi nina 18.4, nikipunguza 18 mwishoni si inatosha?

Mwandishi: Hatua ya 2. Hesabu nzima iko pale, na namba ni yako hiyo hiyo.

fimbo_ya_saba: Sawa ila ni ndefu.

Mwandishi: Ni kuzidisha mara mbili, kugawanya mara moja na kutoa. Klabu nyingi hubandika jedwali karibu na tii ya kwanza, tafuta mstari wako usome.

mzee_wa_banka: Unachanganya watu. De Vicenzo alisaini jumla mbaya, ndiyo maana alipoteza. Jumla ina maana.

Mwandishi: Hapana, mzee wangu. Kosa lilikuwa kwenye kisanduku cha 17, 4 badala ya 3, na ile 66 ilizaliwa humo. Kama 17 ingeandikwa 3 halafu chini pakaandikwa 66, kamati ingejumlisha yenyewe na kupata 65. Kisa cha Pung kinaonyesha upande wa pili: jumla safi, shimo moja bovu, nje. Nimeviweka pamoja kwa sababu hiyo.

dada_grini: Asante sana kwa somo. Kwetu Arusha tunacheza mashimo tisa mara mbili. Shimo lile lile lina indeksi mbili kwenye kadi. Nukta zinagawanywaje?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Mara nyingi mzunguko wa kwanza hupewa indeksi witiri na wa pili shufwa, au kinyume chake, ili nukta zisirundikane upande mmoja. Tuseme handikapu yako ya kuchezea ni 10. Mzunguko wa kwanza unapata nukta kwenye 1, 3, 5, 7 na 9. Wa pili kwenye 2, 4, 6, 8 na 10. Mwenye 11 anaongeza moja kwenye mzunguko wa witiri. Kosa la kawaida ni kuweka nukta kwa kuangalia safu moja tu, kisha kuzirudia mzunguko wa pili. Weka nukta za safu zote mbili kabla hujaanza, na weka mstari wa penseli kati ya shimo la 9 na la 10.

dada_grini: Nimeelewa. Na nikishaona sitapata pointi, nauokota mpira?

Mwandishi: Kwenye Stableford ndiyo, tena ni vizuri kwa kasi ya mchezo. Pa 4 yenye nukta moja, pointi ya mwisho iko kwenye 6. Ukishapiga sita na mpira hauko shimoni, okota. Maka anaweka mstari, pointi 0. Kwa ajili ya rekodi ya handikapu shimo hilo linahesabiwa pa jumlisha 2 jumlisha nukta, yaani 7. Lakini kwenye shindano la mikwaju usiokote kamwe, lazima mpira uingie. Ukiuacha shimo moja na kwenda kupiga tii inayofuata, umeondolewa.

kijana_wa_tii: Nikipiga hewa inahesabika?

Mwandishi: Hatua ya 5, sentensi ya pili.

kijana_wa_tii: Na mpira ukidondoka kwenye tii wakati najipanga?

Mwandishi: Hilo sikuliandika, haki yako. Kama hukukusudia kuupiga, rudisha kwenye tii, hakuna adhabu wala mkwaju. Kama ulipiga swingi ya kweli ukaukosa na upepo wa fimbo ukaudondosha, mkwaju umehesabika. Mpira ukiwa bado eneo la tii unaweza kuuweka tena juu ya tii, na unaofuata ni wa 2.

jozi_moja: Sisi tunacheza jozi, mpira bora. Tunaandika ndogo tu kila shimo, sawa?

Mwandishi: Namba moja inatosha, lakini lazima iandikwe kwenye safu ya aliyeipiga. Ikiwekwa katikati bila kuonekana ni ya nani, jozi nzima inaondolewa. Kamati inahitaji kujua itoe nukta za nani. Sahihi ya mshirika mmoja inatosha pamoja na ya maka. Na handikapu hapo ni asilimia 85, siyo 95.

mpenda_historia: Huyu Stableford ni mtu au mji?

Mwandishi: Mtu, daktari Mwingereza, Frank Stableford. Alijaribu wazo lake Wales mwaka 1898, kisha likachezwa kwa namna inayofanana na ya leo klabu ya Wallasey, Uingereza, Mei 1932. Faida yake unaiona kwenye kadi: shimo moja lililoharibika linakugharimu pointi mbili za kawaida tu, haliui raundi nzima. Ndiyo maana mwenye 28 na mwenye 5 wanaweza kucheza shindano moja na wote wakabaki na matumaini hadi shimo la 18.

mpenda_historia: Tukifungana pointi 36 kwa 36?

Mwandishi: Fuateni masharti ya shindano. Utaratibu unaotumika sana ni pointi za mashimo tisa ya mwisho, kisha sita, tatu, na la 18. Kwenye pointi nukta zimeshaingia, usitoe kitu tena. Kwenye neti ya mikwaju unatoa nusu ya handikapu kwa tisa, theluthi kwa sita na sehemu ya sita kwa matatu. Mwenye 19: 9.5, kisha 6.33, kisha 3.17.

mzee_wa_banka: Kadi ya kwenye simu je? Vijana hawataki karatasi.

Mwandishi: Inakubalika kama kamati imeiidhinisha kwa shindano hilo. Uliza kabla ya kupiga, na hakikisha maka naye amethibitisha kwenye simu yake. Kama haijaidhinishwa, kadi ni ile ya karatasi.

kedi_mkongwe: Niongeze kuhusu mvua. Kalamu ya wino inayeyuka, mwezi wa nne nimeona kadi imegeuka bluu tupu. Penseli ngumu kidogo, na kadi ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga. Unaandika ukiwa umeingiza mkono ndani.

Mwandishi: Hiyo ni nzuri, ahsante. Na kedi wako, anayekubebea begi, mwambie ahesabu naye kimya kimya, mlinganishe kila mkitoka grini. Anaona mkwaju wa bankani, yaani kwenye mchanga, ambao maka aliye upande wa pili hakuuona.

kedi_mkongwe: Bankani ndipo wanaposahau. Mimi nakunja kidole kila mkwaju, reki ikiwa mkono wa pili.