Kabla ya Kukubali Upasuaji wa Fizi Zilizoshuka

Fizi ikishashuka na mzizi wa jino kubaki wazi, hairudi yenyewe. Wengi huanza kulinganisha aina za upasuaji, lakini swali la kwanza ni hili: mfupa ulio kati ya jino na jino umebaki kiasi gani? Upigwe picha ya eksirei, na daktari akuoneshe. Mfupa huo ukiwa mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umelika, tarajia kufunikwa kwa sehemu tu, hata daktari awe hodari vipi.

Kisha uliza nyama ya kufunika itatoka wapi, kwa kuwa hapo ndipo njia zinapotofautiana. Ya kuchukua tishu ya ndani ya kaakaa, kuilaza juu ya mzizi na kuivuta fizi iifunike ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi, nami ningeiuliza kwanza. Gharama yake ni vidonda viwili, na cha kaakaani mara nyingi ndicho kinachouma zaidi. Njia ya kukata kipande cha tabaka la juu la kaakaa huongeza fizi ngumu, hasa meno ya chini ya mbele, ila rangi ya kipande huweza kubaki tofauti na fizi jirani. Njia ya kitundu, yaani kupitia tundu dogo kwenye fizi, husogeza fizi ya meno kadhaa kwa mara moja bila kugusa kaakaa. Inavutia, lakini haijafuatiliwa kwa miaka mingi kama ile ya kwanza.

Daktari akitaka kutumia kipandikizi (kipande cha kufunikia) cha kununuliwa, uliza asili yake kabla ya kutia sahihi. Kuna vinavyotokana na nguruwe, na vingine na ngozi ya binadamu aliyejitolea. Kwa Mwislamu jambo hili halifai kugunduliwa baadaye, na mgonjwa yeyote ana haki ya kujua.

Chanzo kishughulikiwe mapema: ugaga usafishwe, mswaki mgumu ubadilishwe, mkono ulegezwe. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla na baada, maana kipandikizi huishi kwa damu ya jirani zake siku za mwanzo, na sigara hubana mishipa ya damu hiyo. Mwenye kisukari apime na kuituliza sukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari, wala asiziache kwa uamuzi wake.

Nyumbani weka uji, mtori na viazi vya kuponda, vyote viwe vuguvugu. Sehemu iliyoshonwa haipigwi mswaki kwa takriban wiki mbili. Utasukutua kwa dawa utakayopewa. Na tafadhali, usivute mdomo kuchungulia kidonda kwenye kioo, kwani kipandikizi kikisogea siku za kwanza huweza kufa. Ukiwa na safari, ipange baada ya tarehe ya kutolewa nyuzi.