Kuvisha mpira mpini wa bastola ya bandia

Kazi yangu ni kutunza vifaa vya jukwaani, na lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuhusu bastola za bandia halihusu sura zake, linahusu mpini. Plastiki ngumu ikikutana na kiganja chenye jasho chini ya taa kali huteleza kama samaki. Mwigizaji anayehangaika kukaza vidole hawezi kutulia katika nafasi yake. Tabaka la mpira wa kimiminika linamaliza shida hiyo, mradi liwe jembamba na likae panapostahili.

Natumia mpira wa kopo unaokauka kwa hewa, jamii ya Plasti Dip. Upo wa kuchovya, wa kupaka kwa brashi na wa kupuliza. Kwa mpini napenda brashi, kwa sababu unaamua mwenyewe mpira uanzie wapi na uishie wapi.

Angalia kwanza mpini umeundwaje. Bastola zinazoiga Colt M1911 zina vibao viwili vya pembeni, kila kimoja kimekazwa kwa skurubu mbili. Vifungue uvifanyie kazi mezani. Zinazoiga Glock hazina vibao, mpini na bodi ni kitu kimoja, kwa hiyo itakubidi uzibe kwa masking tepu kila mahali usipotaka mpira: kifyatulio, kitufe cha kuachia magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), na hasa tundu la magazini. Mpira ukiingia humo, hata kidogo tu, magazini itakwama. Na kama mdomo wa mtutu una rangi ya chungwa, ambayo sheria ya Marekani inaidai kwa bastola za kuchezea, usiufunike kwa chochote. Rangi hiyo ndiyo inayomwambia mtu wa mbali kwamba hii si silaha.

Sasa usafi, na hapa sina haraka kabisa. Plastiki iliyotoka kwenye kalibu hubaki na mafuta membamba usiyoyaona. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke, kisha isugue kwa msasa laini, namba 320 hivi, mpaka mng'ao uishe. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Kuanzia hapo usiishike kwa vidole vitupu, vaa glovu. Mpira huu hubanduka ukitaka kuutoa, na huo ni uzuri wake, lakini ukikaa juu ya mafuta utabanduka bila wewe kutaka, kuanzia pale kidole gumba kinapopita kila siku.

Kabla ya kupaka mpini mzima, weka tone upande wa ndani usioonekana uliache likauke. Ndani ya kopo mna vimiminika vya jamii ya thina, na plastiki za polistairini huweza kulainika zikiguswa navyo. Mvuke wake unawaka moto na unaumiza kichwa, kwa hiyo fanyia kazi nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko na sigara.

Koroga kopo polepole ili usitie viputo. Chota kiasi, paka kwa kuvuta brashi upande mmoja, usirudie palipoanza kushika, maana brashi itauvuta mpira na kuacha makunyanzi. Koti la kwanza litaonekana duni, plastiki ikichungulia kwa chini. Liache hivyo. Subiri nusu saa, paka la pili, na la tatu ukiona haja. Kwa vibao vilivyofunguliwa unaweza kuchovya: vitundike kwa waya, vizamishe na kuvitoa taratibu, sentimita mbili na nusu kwa kila sekunde 5, la sivyo mpira utachuruzika na kuganda matone chini. Matundu ya skurubu yazibe kwa vijiti vya meno.

Ukitaka mkwaruzo kidogo, gusagusa koti la mwisho kwa sponji kavu likiwa bado bichi. Vinundu vinavyobaki hushika kiganja vizuri kuliko mpira laini.

Tepu ibandue koti la mwisho likiwa bichi vilevile, ukiivuta kwa pembe, taratibu. Ukingoja likauke, tepu itaondoka na kipande cha mpira, na ukingo utabaki umechanikachanika. Kisha acha saa 4 angalau. Mimi huuacha ulale mpaka kesho yake, kwa sababu mpini unaobanwa mapema hubaki na alama za vidole.

Kuhusu mahali: mtu mwenye kiganja kidogo asipakiwe pembeni. Kila koti linanenepesha mpini, na mpini mnene humchosha kuliko ule unaoteleza. Mpakie nyuma tu, panapoingia kati ya kidole gumba na cha shahada, na mbele, vidole vitatu vinapojikunja. Jasho na msuguano viko huko.

Mpira ukichafuka, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kamwe si kwa thina. Palipochanika, kata kingo kwa wembe, safisha kwa spiriti, ongeza mpira kwa brashi ndogo. Mpya hushikana na wa zamani bila kubandua kitu kingine.